Fimbo ya Ncha Mbili
Mhadhara wa wazi uliotolewa Dodoma mbele ya walimu, wazazi na maofisa wa elimu

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua teknolojia saidizi kwa wanafunzi wenye ulemavu. Nadhani walionialika walitegemea nije na kompyuta na nyaya zake. Nimekuja na fimbo. Hamuioni hapa mezani, lakini kila mkazi wa Dodoma ameshaiona. Pita Soko la Majengo asubuhi ya siku ya kazi. Utamkuta mzee asiyeona, koti limefungwa mpaka shingoni na jua limeshapanda, ameshika ncha moja ya fimbo. Ncha ya pili ameishika mtoto wa miaka minane au tisa, anatangulia hatua mbili. Hawaongei. Mtoto akifika kwenye mtaro anaibinya fimbo chini kidogo, na mzee anapanua hatua. Akiinua, mzee anajua kuna ngazi. Akisimama ghafla, mzee naye anasimama, bodaboda inapita.

Tumezoea kumwonea huruma mzee. Leo naomba tumtazame mtoto. Ile fimbo ni kifaa saidizi, tena kizuri. Haina betri, haiharibiki kwa vumbi, ikivunjika unakata nyingine porini. Ina kasoro moja tu: ili ifanye kazi inahitaji mtoto mzima, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na huyo mtoto alipaswa kuwa darasa la pili.

Baadhi ya wazee hawa walipoteza macho kwa trakoma, maradhi tunayoyaita vikope. Wenyeji wa Kongwa wanayajua vizuri. Wengine wakisikia Kongwa hukumbuka mashamba ya karanga ya Waingereza ya mwaka 1947 yaliyowashinda. Madaktari wa macho wa dunia wakisikia Kongwa hukumbuka trakoma, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakiichunguza pale tangu miaka ya 1980, mpaka kwenye jambo dogo kama la kunawisha watoto nyuso. Mtoto anaambukizwa na tongotongo za mwenzake, kwa mikono, kwa nguo, kwa inzi. Anaambukizwa tena na tena. Miaka inapita, kovu linajikunja ndani ya ukope, kope zinageukia ndani na kila anapopepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Bibi zetu hung'oa kope hizo kwa kikoleo, moja moja, zinaota tena. Kuna upasuaji mdogo wa kugeuza ukope ambao unaweza kufanyika hata kwenye zahanati. Haurudishi uoni uliokwisha kupotea, ila huzuia uliobaki usipotee.

Sasa niulizeni: yule mtoto wa Majengo anahitaji kifaa gani ili asome? Tafuteni katika orodha yoyote ya vifaa vya elimu, hamtakuta imeandikwa "upasuaji wa kope wa babu, na fimbo nyeupe ya babu". Na ndicho anachohitaji. Mtoto mwenyewe anaona, anasikia, anakimbia. Hayumo katika takwimu zozote za wanafunzi wenye ulemavu. Lakini ulemavu wa babu ndio uliomweka nje ya darasa, na kifaa cha babu ndicho kitakachomwingiza.

Nimeanza na huyu kwa makusudi, kwa sababu ninalotaka kusema leo ni moja. Kifaa huchaguliwa kutoka kwenye siku ya mtoto, saa kwa saa, tangu anapoamka mpaka anapolala. Sisi tumezoea kukichagua kutoka kwenye orodha.

Orodha zipo na ni nzuri. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Mwaka 2022, pamoja na UNICEF, likatoa ripoti iliyosema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni 3 tu kwa kila 100. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kwa hiyo kwenye karatasi hatuna deni kubwa. Nendeni Buigiri muone tofauti ya karatasi ya sheria na karatasi ya darasani.

Shule ya Wasioona Buigiri, pale Chamwino, barabara ya kwenda Morogoro, ilifunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, na ndiyo ya kwanza ya aina yake katika nchi hii. Mwaka 1951, huko Massachusetts, Marekani, ilianza kutengenezwa mashine ya kuandikia nukta nundu iliyobuniwa na mwalimu wa ufundi aitwaye David Abraham, katika shule ya wasioona ya Perkins. Shule na mashine ni rika moja. Na hadi leo mwalimu wa wasioona akisema "nipe Perkins", hakuna anayeuliza Perkins ni nini.

Ngoja niielezee kwa wasioijua. Ni chuma, uzito wake unakaribia kilo 5. Ina vitufe tisa: sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma, kimoja cha kushuka mstari. Unabonyeza vitufe vya herufi yako kwa pamoja, na herufi inatokea juu ya karatasi nzito, unaipapasa hapo hapo. Ukikaribia mwisho wa mstari, kengele inalia. Darasa la watoto ishirini wakiandika kwa Perkins halisikiki kama darasa, linasikika kama karakana ya mafundi cherehani.

Adui yake hapa kwetu ni vumbi. Kuanzia Agosti upepo wa Dodoma hauna adabu. Lile vumbi jekundu linaingia kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni, sembuse mashine iliyo wazi pembeni. Vumbi likikaa, kitufe kinaanza kugoma. Nawapa mfano ambao sitausahau, maana kosa lilikuwa langu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu cha Patandi juzi tu, nafundisha hesabu katika shule ambayo sitaitaja. Niliwapa watoto zoezi la kuandika namba kwa maneno. Binti mmoja, hodari kabisa, jibu lake la nne lilitakiwa liwe "nane". Nikapapasa karatasi nikasoma "mama". Nikamkosesha. Jibu la saba, "mama" tena. Nikamwita, nikamwambia kwa ukali kwamba hapa tunafanya hesabu, barua kwa mama ataandika Jumapili.

Akanyamaza. Jioni mwalimu mwenzangu, mwenyewe asiyeona, akakaa kwenye mashine ya yule binti, akabonyeza kitufe kimoja kimoja, akacheka. Nukta ya tano ilikuwa haipigi. Wanaojua nukta nundu wameshaelewa. Herufi n ni nukta ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano. Ondoa ya tano, inabaki m. Herufi e ni ya kwanza na ya tano. Ondoa ya tano, inabaki a. Mtoto aliandika nane, mashine ikaandika mama. Aliniambia baadaye kwamba aliisikia mashine imebadilika mlio tangu wiki iliyopita. Sikuwahi kumuuliza, na yeye alilelewa kutomsahihisha mwalimu.

Dawa yake ilikuwa kifuniko. Tulichukua vipande vya vitenge kwa fundi cherehani, akatushonea mifuko yenye kamba, bei yake haikufika ya chapati za wiki. Wakati ule ule kulikuwa na barua ya kuomba mashine mpya ishirini. Mashine mpya zingekuja, zingekaa wazi, na Septemba nukta ya tano ingegoma. Na tafadhali, msizitie mafuta ya kupikia. Nimeona kwa macho yangu. Mafuta yanalikamata vumbi na kulifanya gundi.

Sasa rudini kwenye siku ya mtoto. Perkins ni ya darasani na bwenini. Mtoto anayesoma shule ya kawaida kijijini, anayetembea kwenda na kurudi, hawezi kubeba kilo 5 za chuma kichwani. Kwake kuna kibao na kalamu yake: bamba lenye vijumba vya herufi, linaingia mfukoni, unachoma nukta kwa nyuma kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ni polepole, na kinachosha kidole. Vijana wa leo wanakidharau. Lakini kazi ya nyumbani itafanyikia wapi kama mashine imebaki shuleni? Asubuhi Perkins, jioni kibao. Mtoto mmoja, vifaa viwili, na mnunuzi anayeniuliza "kati ya hivi viwili kipi bora?" ameniuliza swali lisilo na jibu.

Na karatasi. Nukta nundu inahitaji karatasi nene, ya kawaida inatoboka. Mashine moja hudumu miaka mingi ikitunzwa. Karatasi huisha kila wiki. Nimeona watoto wakiandikia kurasa za kalenda za ukutani, zile za picha za mbuga, upande wa nyuma. Kalenda inafaa sana, nawashauri wote mnaotupa kalenda zenu Januari mzipeleke shule ya jirani yenye wasioona. Lakini mkubaliane nami kwamba bajeti inayonunua mashine bila karatasi ni sawa na kununua trekta ukasahau dizeli.

Niongeze hapo jambo la ramani, halafu niendelee. Ramani ya mtoto asiyeona ni ya kupapasa, na sijaona duka la Dodoma linaloiuza. Tulitengeneza ya Tanzania kwa uzi wa katani na gundi: mipaka ni katani, reli ni kamba nyembamba, maziwa ni punje za mtama. Ilikuwa nzuri mno. Likizo ya Desemba panya wakala Ziwa Victoria lote na robo ya Tanganyika. Muhula uliofuata maziwa tuliyafanya ya mchanga.

Nije kwenye habari ya kabati moja. Shule nyingine, nayo haina jina leo, ilipokea kompyuta mpakato kumi. Palikuwa na risala, palikuwa na mgeni rasmi, utepe ukakatwa, picha ya pamoja ikapigwa. Nilipofika miezi minane baadaye niliomba kuziona. Zimo kabatini, nikaambiwa. Ufunguo uko kwa mkuu. Mkuu yuko wilayani. Siku ya pili mkuu akaja, mtu mwema kabisa, akafungua. Kompyuta zilikuwa bado na nailoni zake. Akanieleza bila kificho: zikiibiwa, nani atajibu? Yeye. Zisipotumika, nani atajibu? Hakuna. Basi mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Kabati lile halikuwa uzembe wa mtu, lilikuwa jibu la busara kwa swali baya.

Hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Betsy Phillips na Hongxin Zhao, waliwauliza watu wazima 227 wenye ulemavu kuhusu vifaa vyao, wakakuta kwamba asilimia 29.3 ya vifaa vilikuwa vimeachwa. Walipotafuta sababu, mbili kati ya walizozikuta nimeziandika kwenye daftari langu la maandalio ya somo. Ya kwanza, mtumiaji hakushirikishwa kuchagua. Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi: kifaa kilichopatikana kirahisi huachwa kirahisi. Kile kilichoangushwa tu mlangoni, bila mazungumzo, bila kujaribiwa, bila mafunzo. Msaada wetu mwingi huja hivyo. Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tunawanunulia watu vitanda kwa jumla.

Mmarekani mwingine, mwalimu Joy Zabala, miaka ya 1990 aliweka utaratibu ambao walimu wengi duniani wanautumia. Anaanza na mwanafunzi mwenyewe: anaweza nini, anapenda nini, anachoka saa ngapi. Yanafuata mazingira, kisha kazi anazotakiwa kuzifanya. Zana zinakuja mwisho. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ni jambo la wazi mno hata halifai kuandikwa. Nikatazama fomu zetu za mahitaji. Safu ya kwanza: jina la kifaa. Safu ya pili: idadi. Safu ya tatu: bei. Mwanafunzi hana safu.

Kwenye kompyuta zile kumi tulifanya jambo moja dogo. Tulikubaliana kwa maandishi na kamati ya shule kwamba kompyuta ikiharibika mikononi mwa mwanafunzi, kwa kuitumia, mkuu hadaiwi. Wiki hiyo hiyo zikatoka kabatini. Ndipo tukagundua tatizo la pili, na hili nataka nilielezee kwa urefu kwa sababu ni la lugha yetu.

Asiyeona hutumia kompyuta kwa programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Ipo ya bure, inaitwa NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, akaungana naye mwenzake James Teh, wote wawili wasioona. Fundi aliyezileta kompyuta alikuwa ameiweka, Mungu ambariki. Lakini aliiacha na sauti ya Kiingereza. Sasa mpe Mwingereza ambaye hajawahi kusikia Kiswahili asome barua ya mwanafunzi kutoka Mpwapwa. "Pole" inatoka kama mlingoti wa bendera. "Mate" anayatamka kama rafiki. "Wake" wa mzee wanaamshwa usingizini. Ukifika kwenye ng'ombe, kwa sisi wafugaji wa nyanda za kati, mashine inasita kwenye ile alama, inajikwaa, inatoa kitu ambacho hata ng'ombe mwenyewe asingekitambua. Watoto walikuwa wamejaribu siku mbili, wakaamua kompyuta ni za kusomea Kiingereza tu. Waliuona huo kuwa uamuzi wa kompyuta.

Ndani ya programu ile ile mna sauti ya Kiswahili. Inakuja nayo, iko katika mashine ya kusemea iitwayo eSpeak. Sauti yenyewe ni kavu kama ya mtu aliyeziba pua, lakini inatamka pole kuwa pole. Kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Miezi minane kabatini, na kilichopungua ni dakika mbili za mtu aliyejiuliza mtoto huyu anasoma kwa lugha gani. Na simu janja nyingi sasa zina uwezo huo huo. Vishikwambi vingi vya Android vina programu ya kusoma skrini, TalkBack, ndani yake. Walimu mliogawiwa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, fungueni mipangilio yake leo usiku mjaribu, mfumbe macho, muone kama mnaweza kumpigia mtu.

Basi wapo wanaouliza: kama simu inasoma, nukta nundu za nini tena? Karatasi ghali, mashine nzito, sauti bure. Swali hili naliheshimu, linaulizwa hata na wasioona wenyewe waliokwisha fika chuo kikuu. Jibu langu ni la mwalimu wa lugha. Mtoto aliyejifunza kwa sikio tupu ataandika "gafla", ataandika "zaidi" sawa lakini "dhaifu" ataiandika kwa z, kwa sababu huku bara masikio yetu hayatenganishi vizuri gh na g, wala dh na z. Mtoto anayeona huokolewa na macho: ameliona neno "ghafla" mara elfu moja kitabuni na kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Asiyeona ataliona wapi, kama hakulipapasa? Sauti inampa habari. Nukta nundu inampa maandishi. Anayetaka kumfanya mtoto asiyeona awe msikilizaji tu maisha yake yote aanze kwa kumwondolea mtoto wake mwenyewe anayeona vitabu, ampe redio.

Vipo pia vifaa vinavyounganisha vyote viwili: ubao mdogo wa kielektroniki wenye nukta zinazoinuka na kushuka, kama ule wa Orbit wenye herufi 20 kwa mstari, unabeba vitabu vingi ndani ya kadi ya kumbukumbu. Majirani zetu Wakenya wamekwenda mbele hapa. Shule ya Wasioona Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ina maabara ya kompyuta ambayo shirika la inABLE lilianza kuisaidia zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ninachowaonea wivu si kompyuta. Ni kwamba shirika lile liliweka pia walimu wa kompyuta, watu wa kukaa pale kila siku. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, unaoruhusu kugeuza vitabu kuwa nukta nundu au sauti bila kuvunja sheria ya hakimiliki. Mlango uko wazi, anayetakiwa kupita na kitabu mkononi ni sisi.

Viti mwendo. Hapa sitaki mzaha, kwa sababu kiti kibaya huua. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hana hisia makalioni. Mkalishe kwenye kiti cha turubai kisicho na mto maalumu, saa sita za masomo, hataumia, hatalalamika, hatajua. Jioni mama ataona doa jekundu. Baada ya wiki ni kidonda, na kidonda cha kukaa kikifika mfupani kinaondoka na mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi kama zetu mwaka 2008, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Utaalamu tunao nchini. Tunachokosa ni futi ya fundi cherehani siku ya kugawa viti.

Nilihudhuria ugawaji mmoja. Viti vyote saizi moja, vya watu wazima, vya hospitali, magurudumu ya mbele madogo kama ya mkokoteni wa mtoto. Picha ikapigwa, vikasukumwa nje ya sakafu ya ukumbi, na hatua kumi mbele yale magurudumu madogo yakazama kwenye mchanga. Hiyo ni kabla ya mbigili. Mgeni wa Dodoma hajui mbigili. Sisi tuliozikanyaga utotoni tunazijua kwa majina yao yote. Tairi la upepo katika njia ya kijiji kwetu halimalizi wiki bila pancha. Tairi zito lisilo na tyubu linatikisa mgongo lakini linafika shuleni. Kiti cha magurudumu matatu chenye msingi mrefu kinapita mchangani, ila kinahitaji nafasi kugeuza darasani. Na choo? Nilipima mlango wa choo cha shule ya mtoto mmoja nikapata sentimita 62. Kiti chake kilikuwa na 66. Alikuwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka saa nane, ili asihitaji kwenda. Miaka miwili walimu walidhani mtoto yule hapendi maji.

Kwa viziwi nitakuwa mfupi, si kwa sababu jambo lao ni dogo. Wapo humu walimu wa shule ya viziwi ya hapa mjini watakaonisahihisha. Shimesikio hukuza sauti, na hukuza zote: ya mwalimu, ya kiti kinachoburuzwa, ya mvua juu ya bati. Ile sehemu inayoingia sikioni humiminwa kwa umbo la sikio la mtoto, na sikio linakua. Sehemu hiyo isipofinyangwa upya, kifaa kinapiga filimbi, mtoto anachekwa, anakiweka mfukoni. Betri zake ndogo huisha kwa siku kadhaa. Muhimbili walianza upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu mwaka 2017, na kwa mtoto aliyewahi mapema ni jambo kubwa, lakini nalo linadai mazoezi ya miaka, karibu na wataalamu. Kwa mtoto kiziwi wa Bahi au Manyoni, kitu cha kwanza ninachokiomba ni watu wa kuongea naye kwa lugha ya alama, nikianza na mama yake. Mtoto akifika miaka saba hana lugha yoyote, hakuna betri itakayoziba pengo hilo.

Na wenye ualbino, ambao tumewalinda kwa kuwafungia mabwenini tukasahau kwamba wanashindwa kusoma ubao. Uoni wao ni hafifu na mwanga unawaumiza. Kofia pana, mafuta ya ngozi kama yale yanayotengenezwa Moshi, darubini ndogo ya jicho moja, maandishi makubwa. Na kiti cha mbele mbali na dirisha, ambacho hakina bei.

Sasa nyie wa manunuzi. Najua mfumo wa serikali wa manunuzi, NeST, haukubali sentensi "muulize mtoto". Unataka kifaa, vipimo, idadi. Sawa. Lakini vipimo vinatoka kwa nani? Chukueni fimbo nyeupe, kitu rahisi kuliko vyote. Urefu wake hupimwa kwa mwenye kuitumia, kutoka chini mpaka kwenye kidari. Nimeona fimbo arobaini za urefu mmoja zikigawiwa wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la saba. Wadogo walizishika katikati, kama wachungaji. Na ncha yake nyembamba, kwenye udongo wetu wa kichanga, inachoma ardhi, mpini unarudi tumboni. Ncha nene ya kuviringika inateleza juu ya mchanga. Mtoto yeyote asiyeona wa Chamwino angewaambia hayo kwa dakika moja, kama angekuwa chumbani mlipoandika vipimo. Ombi langu ni hilo: asiwepo mmoja kwa heshima, wawepo watatu au wanne, wa umri tofauti, na wapewe kifaa wakae nacho wiki mbili kabla hamjasaini.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie habari ya yule mtoto wa Majengo, maana si wa kubuni, ingawa jina lake na kijiji chao vinabaki kwangu.

Babu yake tulimpeleka kwa wauguzi wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na mwanga kidogo, kope zikageuzwa ili ubaki. Tukampa fimbo nyeupe iliyopimwa kwake, ncha nene, na kijana mmoja asiyeona akamfundisha kuipeleka kulia na kushoto kwa majuma matatu, kutoka nyumbani hadi kisimani, kutoka kisimani hadi kwa jirani. Mzee alijifunza, kwa manung'uniko. Alisema fimbo hii ni bubu. Ile nyingine ilikuwa inamwambia nani kapita, ng'ombe wa nani kakonda, mvua imejikusanya upande gani. Hakuna kipimo cha manunuzi kwa hilo.

Mtoto aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, mrefu kuliko wenzake wote, anakaa nyuma kwa aibu. Mwalimu wake anasema anasoma vizuri na ana tabia moja ya ajabu: akitembea na mwenzake hutangulia hatua mbili. Jumamosi, siku isiyo na shule, wanakwenda sokoni wawili, na ile fimbo ya zamani. Nyeupe inabaki imeegemezwa ukutani. Nilimuuliza mzee kwa nini. Akasema Jumamosi ni ya mazungumzo.